Mtoto Mdogo Si Mharibifu wa Bustani

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 akiingia bustanini atakanyaga miche tu, basi asubiri akue. Si kweli. Mpe mbegu kubwa anayoweza kuishika vizuri, kama ya maharage. Ataifukia, ataimwagilia, na baada ya siku 5 hadi 10 hivi ataona kishina kilichojipinda kama ndoana kikipasua udongo, kikizivuta juu nusu mbili za ile mbegu. Hapo maswali hayaishi, na kwangu hiyo ndiyo faida inayozidi mavuno. Tena mboga aliyoipanda mwenyewe huwa mwepesi kuionja. Maji atazidisha, kweli. Mpe kikopo kidogo chenye matundu. Akimaliza, anawe mikono kwa sabuni.