Singeli si kigodoro

Tangazo la tamasha la singeli halitoki bila mtu kusema, "Kigodoro kingine hicho." Mwingine atauliza kama ni mahali pa kupeleka mtoto, maana amesikia huko watu hucheza na kanga moja. Nimeyasikia haya hata kwa watangazaji wa redio, watu ambao kazi yao ni muziki, na sasa inatosha.

Singeli ni muziki wa uswahilini Dar es Salaam: midundo ya kompyuta iendayo mbio, mara nyingi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika na wakati mwingine kukaribia 300, na MC akichana juu yake kwa Kiswahili cha mtaani. Ni rap ya kitaa ya watu wa Pwani. Maana yake ndiyo hiyo.

Kigodoro ni sherehe. Mtu anaoza binti, au mwali anatolewa, basi njia inafungwa, turubai linawambwa, viti vya plastiki vinapangwa, spika zinakodiwa na watu wanakesha. Hupigwa atakacho mwenye shughuli: taarabu, mchiriku, Bongo Fleva, na siku hizi singeli kwa wingi. Singeli imelelewa humo, hilo halina ubishi. Lakini kaswida nazo husomwa maulidini, wala hatujasikia mtu akiyaita maulidi kaswida. Na wako wanaochanganya zaidi, wakaingiza na baikoko, ambayo ni ngoma ya Tanga kabisa.

Mchanganyo huu una gharama. Viongozi na polisi wamevipiga marufuku vigodoro mara kadhaa kwa sababu ya kelele za usiku na uchezaji wa utupu. Kwa kuwa majina yalishafanywa mamoja, lawama zikamwangukia na kijana anayeandika mistari yake chumbani Mburahati, ambaye hajamvua mtu nguo.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi: kwamba singeli ni muziki wa wengine uliokimbizwa tu. Kweli, ma-DJ wa mwanzo walikata kipande cha taarabu kisichokuwa na sauti ya mwimbaji, wakakizungusha na kukiongezea kasi. Lakini kabla yao kulikuwa na mchiriku. Miaka ya 1990 vijana wa uswahilini walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakavichomeka kwenye vipaza sauti chakavu, wakaviweka pamoja na ngoma za Kizaramo, na juu yake mwimbaji akasimulia dhiki za mtaa. Jagwa Music wa Mwananyamala ndio waliofika mbali zaidi kwa mtindo huo. Kasi ilikuwapo tayari, na ilikuwapo hata kabla ya vinanda. Aliyewahi kuusikia mdundiko, ngoma ya Wazaramo, ukipita mtaani, watu wakiufuata mpaka wanajikuta mtaa wa tatu, hawezi kusema kasi ya singeli imetoka kwenye kitufe cha kompyuta. Kompyuta imechukua nafasi ya bendi. Koo la mtu mmoja anayesimulia limebaki palepale.

Labda sifa za nje zimechangia. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, ilitoa mkusanyiko wa kazi za Sisso, studio ya singeli ya Dar es Salaam, na baada ya hapo ma-DJ wetu wakapanda majukwaa ya Ulaya. Nawafurahia kwa dhati. Ila msikilizaji wa kule hajui Kiswahili, kwa hiyo mbio ndizo anazozisikia na ndizo anazozisifia. Nasi tukaziazima sifa hizo kama zilivyo, wakati wasanii wetu wa singeli, kina Msaga Sumu, Sholo Mwamba, Man Fongo na Dulla Makabila walipendwa hapa kwa maneno.

Kwa hiyo ukienda tamasha la singeli, Manzese au Mbagala, nenda na masikio. Bendi hutaiona. Kuna DJ na kompyuta yake, na mdundo unaozunguka muda mrefu bila kukatika. Jukwaani kutakuwa na watu wengi kuliko inavyohitajika, na maiki itapita mkono hadi mkono, kila MC akiishika palepale mwenzake alipoishiwa pumzi. Atataja mtaa wake, marafiki zake, vijana wa bodaboda waliomleta. Kisha ataingia kwenye habari yenyewe: kodi ya chumba, shemeji asiyeondoka, marejesho ya mkopo, mpenzi aliyehamia kwa mwenye gari. Vijana watakimbia na kurukaruka mbele, vumbi litatimka. Usisimame mbele ya spika, kwa sababu hapo mdundo humeza maneno. Kaa pembeni kidogo, karibu na wanaoitikia, nawe utayapata.

Na jirani akikuuliza kesho yake kigodoro kilikuwaje, mwambie kwa upole kwamba ulikata tiketi. Kigodoroni hakuna tiketi. Unakwenda kwa sababu mwenye shughuli ni mtu wenu, na pesa yako unaitoa kwa kumtuza.