Banda Kavu Kwanza: Kutunza Kuku Msimu wa Baridi Kali

Msimu wa baridi ukikaribia, sisi wa huduma za ugani huulizwa sana swali moja na wafugaji wa kuku wachache nyuma ya nyumba: "Niweke taa gani ya joto bandani?" Nasi hujibu kwa swali jingine, ambalo wengi huliona la ajabu. Asubuhi ukifungua banda, kuna matone ya maji kwenye dari au dirishani? Kama yapo, taa isubiri.

Kuku mzima mwenye afya ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi za Selsiasi, kutuzidi sisi kwa nyuzi nne. Joto hilo hulitunza kwa manyoya. Akihisi baridi hujitutumua, manyoya yakanasa hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Usiku huchuchumaa akafunika miguu kwa manyoya ya tumbo, kichwa akakiingiza chini ya bawa. Ndiyo maana kuku aliyekamilika manyoya huvumilia hata usiku wa chini ya nyuzi sifuri bila moto wowote, mradi amekauka na upepo haumpigi.

Hapo pa kukauka ndipo tunapokuta makosa mengi. Mtu anaona baridi imekaza, anaziba kila tundu, tena kwa nia njema kabisa. Lakini kuku hutoa maji usiku kucha, kwa pumzi na kwa kinyesi, ambacho karibu robo tatu yake ni maji. Banda likizibwa, mvuke huo hukosa pa kwenda; hugusa paa la baridi, hugeuka matone na kuwadondokea. Manyoya yaliyolowa hayanasi hewa. Upanga (nyama nyekundu ya kichwani) na ndevu (nyama zinazoning'inia chini ya mdomo), ambazo hazina manyoya, hupata unyevu na kuganda: ncha hupauka, kisha huwa nyeusi, mwishowe hukatika. Majogoo wenye upanga mrefu, kama wa aina ya Leghorn, ndio wa kwanza kuumia. Kuku wa aina ya Wyandotte na Brahma, wenye upanga mfupi uliolala kichwani, mara nyingi husalimika.

Pamoja na unyevu huja amonia inayotoka kwenye kinyesi. Huchoma macho na njia ya hewa, na baada ya muda utawasikia kuku wakikoroma. Kipimo chake si cha kununua: inama mpaka kimo cha kuku uvute pumzi. Ikikuchoma puani, wao wameivuta tangu jana jioni.

Kwa hiyo yatofautishe matundu ya banda. Yale ya chini na ya usawa wa fito za kulalia, yanayopitisha upepo ukampiga kuku aliyelala, yazibe. Yale ya juu kabisa, chini ya kingo za paa, yaache wazi msimu wote na uyawekee wavu wa chuma ili wanyama walao kuku wasipenye. Hewa yenye mvuke hupanda na kutokea huko bila kuwagusa. Ukitaka uhakika, funga utepe mwepesi wa karatasi kwenye fito usiku wenye upepo. Ukipepea, bado kuna tundu hujaliona.

Fito nayo ina mchango wake. Kuku akishika mti mwembamba wa duara, vidole hubaki nje. Mpe ubao bapa wenye upana wa sentimita 9 hivi, akae juu ya vidole vyake na kuvifunika. Usitumie bomba la chuma, maana huinyonya miguu joto.

Sakafuni weka maranda au nyasi kavu, kina cha sentimita 15 au zaidi, uyageuze mara kwa mara na kuongeza mapya juu. Fumbata konzi moja kisha uachie: yakibaki donge, yameloa, yatoe. Aghalabu donge hilo utalikuta chini ya chombo cha maji.

Sasa taa. Hatuipendekezi kwa kuku wazima, na hapa hatulegezi neno. Balbu ya joto ya wati 250, vumbi la manyoya na maranda makavu vikikutana, banda huungua kwa dakika chache. Tena kuku waliozoeshwa joto huumia zaidi umeme ukikatika katikati ya usiku. Jiko la mkaa ndani ya banda ni hatari kubwa zaidi, kwani hewa yake ya sumu haina harufu, na humuua hata mfugaji aliyeingia kuwatazama. Vifaranga wana hesabu yao: wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki mpaka waote manyoya. Wakirundikana chini ya chanzo cha joto wanaona baridi, wakikikimbia, wamezidishiwa.

Maji yakiganda, kuku haachi kunywa tu, hupunguza na kula, na asiyekula hana cha kumpasha moto. Badilisha maji mara mbili au tatu kwa siku, na chombo kisikae wanapolala. Ongeza chakula, kwa kuwa baridi hula akiba ya mwili. Konzi ya mahindi jioni huendelea kusagwa tumboni usiku na kutoa joto, ila isichukue nafasi ya chakula cha kutagia.

Mayai yakipungua usiilaumu baridi peke yake. Mtetea hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16, na siku za msimu huu ni fupi. Wapo wanaomwacha apumzike, nasi hatuoni ubaya. Ukiamua kuongeza mwanga, balbu ndogo isiyotoa joto inatosha, na iwake alfajiri badala ya jioni: ikizimika ghafla usiku, kuku waliokuwa chini hawaioni fito tena, wakalala sakafuni.