Kitambaa juu ya kihisi

Asubuhi moja ya kaskazi niliingia katika kiwanda cha kusokota kamba za mkonge hapa Tanga, nikakuta kihisi, kifaa cha kuhesabu mizunguko ya mashine, nilichokifunga kwa mkono wangu kimefunikwa kitambaa. Kimefungwa kwa singa, yaani nyuzi za mkonge, mafundo mawili, kazi ya mtu asiye na haraka. Nikatazama mashine ya pili, ya tatu, mpaka mwisho wa mstari. Zote zimefunikwa. Ukutani skrini ilionyesha kuwa usiku kucha hakuna mashine iliyozunguka, ilhali bobini zilizojaa, zile gurudumu za kuzungushia uzi, zilikuwa zimepangwa hadi mlangoni.

Nikamwendea mama aliyekuwa akikabidhi zamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza vitambaa ni vya nini. Hakuficha. "Hicho kidude chako kimemkata mwenzangu posho. Alikuwa anangoja singa zitoke kwenye kuchana, kidude kikaandika kasimama. Tukaona tufunike vyote, ofisini wajue vimeharibika."

Mimi ni mhandisi wa umeme na mifumo ya udhibiti. Kihisi changu cha mwanga kilihesabu sawasawa: bobini haikuzunguka, kikaandika haikuzunguka. Kosa lilikuwa kwamba nilikabidhi ofisi hesabu ya dakika bila sababu zake, na sikuuliza mapema hesabu hiyo itatumiwaje. Tangu siku hiyo nimebadili mahali pa kuanzia ninapoitwa kuingiza otomatiki kiwandani. Naanza na kusimama kwa mashine, na naanza na mtu anayejua kwa nini imesimama.

Kipimo kinachotumika sana viwandani ni ufanisi wa jumla wa mashine, kilichoenezwa na Mjapani Seiichi Nakajima. Unazidisha vitu vitatu: muda ambao mashine ilifanya kazi, mwendo wake ukilinganishwa na mwendo uliokusudiwa, na sehemu ya mazao iliyo nzuri. Chukua mfano wa zamu ya dakika 480. Mashine imesimama dakika 96, kwa hiyo imefanya kazi asilimia 80 ya muda. Ikienda kwa asilimia 85 ya mwendo wake, na kamba nzuri zikawa asilimia 95, jawabu ni kama asilimia 65. Mkurugenzi akiiona 65 hiyo hushtuka, na mara nyingi humgeukia mwendeshaji. Lakini namba hiyo haisemi zile dakika 96 zilikwenda wapi.

Basi tukafunga vitufe vitatu kwenye kila mashine. Uzi umekatika. Hakuna singa. Nangoja fundi. Mashine ikisimama, taa inawaka, na mwendeshaji anabonyeza sababu. Kabla ya kufunga hata skrubu moja tuliandikiana na uongozi kwamba takwimu hizo hazitagusa mshahara wala posho ya mtu. Sharti hilo silipunguzi tena, hata kazi ikinipita.

Wiki mbili zilitosha. Sehemu kubwa ya muda ilikuwa inapotea kwenye "hakuna singa", kwa hiyo tukaiacha mashine ya kusokota, tukarudi nyuma hadi mashine za kuchana. Moja ilikuwa inajizima mchana, jua likikolea. Ukifungua paneli, lile sanduku la vifaa vya umeme, unakuta rilei, swichi ya kuzuia mota isiungue, imekata, na fundi umeme anairudisha kwa kidole, kila siku, kwa miezi. Wengine wangepandisha kiwango cha kukatia cha rilei ile, na hapo ndipo mota huungua kweli. Tulipoishika mota tukakuta kifuniko cha feni yake kimejaa vumbi la singa, zito kama blanketi. Hewa haipiti, mota inachemka, rilei inakata. Rilei ilikuwa inafanya kazi yake.

Dawa ilikuwa brashi na dakika tano kila zamu inapobadilishana. Juu ya hapo tukafunga kipimajoto cha PT100 kwenye mwili wa mota. Ni waya wa platinamu wenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, na ukinzani huo hupanda kadiri joto linavyopanda. Kikipita kiwango tulichoweka, taa ya manjano inawaka kabla rilei haijakata, na mtu anachukua brashi.

Wanaotembeza mifumo mikubwa huzungumza sana kuhusu Mapinduzi ya Nne ya Viwanda, jina lililoanza kusikika Ujerumani kwenye maonyesho ya Hannover mwaka 2011. Sina ugomvi nalo. Ila wazo linalotufaa zaidi katika usokotaji lina umri wa miaka mia na ushei. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma uliosimama wenyewe uzi ukikatika. Kwenye mtambo usio na uwezo huo mtu alisimama akiulinda, na asipouona uzi, kitambaa kibovu kiliendelea kufumwa. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki za mtambo huo. Mtambo ule haukuwa na kompyuta. Ulijua jambo moja tu, wakati wa kusimama, na jambo hilo lilimwezesha mfumaji mmoja kuangalia mitambo mingi.

Ndiyo maana mwenye kiwanda akiniambia mashine zake ni kuukuu mno kwa teknolojia, simkubalii. Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893, kwa miche 62 iliyosalia hai katika mzigo wa Richard Hindorf, na kuna viwanda vyenye mashine zilizozeeka pamoja na zao lenyewe. Chuma kikiwa kizima, unakiongezea macho kwa nje.

Ukinunua, nunua vitu ambavyo fundi wa hapa anaweza kuvipima kwa mita yake. Vihisi vingi vya viwandani hutuma kipimo kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20. Vijana huniuliza kwa nini hauanzii 0. Sifuri tumeiwekea msiba: ikisomeka 0, waya umekatika. Kipimo cha chini kabisa ni 4, kwa hiyo huwezi kuchanganya tangi tupu na waya uliotafunwa na panya. Kwa mawasiliano napenda Modbus, lugha ya mitambo ya mwaka 1979 ambayo mita na vidhibiti vya kampuni nyingi bado vinaielewa. Ikipita kwenye nyaya mbili zilizosokotwa, kwa mwendo wa polepole, inafika hadi mita 1,200 hivi, na haihitaji intaneti. Umeme ukirudi baada ya kukatika, inaendelea.

Paneli nalo lisikupite. Hapa tuna chumvi ya bahari na vumbi la singa kwa pamoja. Paneli lenye feni ya kuvuta hewa litavuta vyote viwili, na baada ya msimu mmoja utakuta kontakta, swichi za kuwashia mota, zina kutu na manyoya. Chukua lililozibwa, la kiwango cha IP65 kinachozuia vumbi na maji ikiwezekana, na uliweke mbali na mashine ya kuchana.

Mikono ya roboti nimeulizwa mara nyingi. Kwa kiwanda ambacho hakijui kwa nini kilisimama jana, fedha hiyo ningeipeleka kwenye beringi, mikanda ya akiba na mafunzo ya mafundi wawili.

Mwezi uliopita yule mama aliniita mwenyewe. Alitaka kitufe cha nne. "Masika singa zinakuja na unyevu, zinajikunja kwenye rola. Hiyo si uzi kukatika wala si kukosa singa. Mnaiandika wapi?" Hatukuwa tunaiandika popote. Tumefunga kitufe cha nne juzi, kimeandikwa "singa mbichi", na tumeagiza kipima unyevu cha kuweka pale marobota yanapofunguliwa. Mvua zikianza, nitakuja kuandika hapa kitufe hicho kimebonyezwa mara ngapi.