Mafuta Tunayokula na Mapigo ya Moyo Wakati wa Mshtuko

Dhana: mshtuko wa moyo ndio huo huo moyo kusimama.

Ukweli: mshtuko hutokea pale mshipa unaolisha msuli wa moyo unapoziba na sehemu ya msuli huo ikaanza kufa kwa kukosa oksijeni, ingawa moyo wenyewe unaweza kuendelea kupiga muda wote huo. Kinachowaua wengi katika saa za mwanzo, mara nyingi kabla hawajafika hospitali, ni hitilafu ya umeme inayofuata: vyumba vya chini vya moyo huacha kusukuma damu na kutetemeka ovyo, na mgonjwa huzimia ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo kuuliza kama chakula fulani huzuia mshipa kuziba ni swali moja, na kuuliza kama hutuliza umeme wa moyo ambao mshipa wake umekwisha kuziba ni swali jingine. Matangazo mengi ya vidonge huyachanganya.

Dhana: imethibitishwa kwamba vidonge vya omega-3, yaani asidi za mafuta zipatikanazo hasa kwenye samaki, huzuia kifo cha ghafla.

Ukweli: wazo hili lilikuwa na msingi mzuri, na ndiyo maana limedumu. Katika miaka ya 1980 huko Australia, Peter McLennan na John Charnock walionyesha kwamba panya waliolishwa mafuta ya jodari, mshipa wa moyo ulipofungwa, walipata mtetemo huo mara chache kuliko waliolishwa mafuta ya kondoo. Baadaye Alexander Leaf wa Harvard na wenzake walieleza sababu inayowezekana, kwamba asidi za omega-3 huathiri njia ambazo sodiamu na kalsiamu hupitia kwenye utando wa seli za moyo, hivyo kuifanya seli isiwe nyepesi kusisimka. Kwa binadamu, utafiti wa Wales uliotolewa mwaka 1989, wa wanaume 2,033 waliopona mshtuko, ulikuta vifo pungufu kwa asilimia 29 miongoni mwa walioshauriwa kula samaki wenye mafuta, na ule wa Italia wa mwaka 1999, wenye wagonjwa zaidi ya 11,000, ukaonyesha kwamba gramu moja ya omega-3 kwa siku ilipunguza vifo vya ghafla.

Matokeo hayo hayakurudiwa. Nchini Ujerumani, utafiti wa wagonjwa 3,851 uliotangazwa mwaka 2010 ulikuta vifo vya ghafla katika mwaka wa kwanza ni asilimia 1.5 kwa waliopewa omega-3, na asilimia 1.5 vilevile kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi ni kwamba wagonjwa hao walikuwa wamekwisha kuzibuliwa mishipa na kupewa dawa za kisasa, hivyo nafasi ya mafuta kuongeza kinga ilikuwa ndogo sana. Desemba 2018 Shirika la Dawa la Ulaya lilihitimisha kwamba dawa za omega-3 hazifai kwa kuzuia matatizo zaidi ya moyo baada ya mshtuko.

Dhana: hata visiposaidia, havidhuru.

Ukweli: hapa ndipo ninapoomba msomaji awe mwangalifu zaidi. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 uliohusisha watu 200 wenye kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa kifuani, wale ambao walikwisha kupata mapigo ya kasi ya vyumba vya chini walirudiwa na tatizo mara nyingi zaidi walipotumia mafuta ya samaki. Utafiti mkubwa wa mwaka 2020, wa watu 13,078, uliojaribu dozi ya gramu 4 za omega-3 kwa siku, ulikuta mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo kwa asilimia 2.2 ya watumiaji dhidi ya 1.3 ya wasiotumia. Mwenye historia ya mapigo yasiyo ya kawaida asianze dozi kubwa bila kumweleza daktari wake.

Dhana: asidi za mafuta zinazoongezeka kwenye damu wakati wa mshtuko zimetokana na mlo wa mwisho.

Ukweli: nyingi zimetoka mwilini mwenyewe, kwa sababu maumivu na hofu huongeza adrenalini, nayo huyeyusha akiba ya mafuta. Mwaka 1968 Michael Oliver na wenzake wa Edinburgh walihusisha wingi wa asidi hizo kwenye damu na mapigo kuvurugika na kifo. Tiba ya glukosi, insulini na potasiamu, iliyotarajiwa kuzipunguza, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 20,000, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 hayakuonyesha kupungua kwa vifo.

Samaki wa mezani ni suala jingine. Huko Seattle, utafiti wa mwaka 1995 ulikuta kwamba waliokula samaki mwenye mafuta takriban mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya moyo kusimama iliyo karibu nusu ya wasiokula, ingawa utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano tu na hauthibitishi chanzo. Vibua, jodari na dagaa wana omega-3, na wakiingia mahali pa nyama yenye mafuta mengi, nina kila sababu ya kuwapendekeza. Kifua kikibana, hata hivyo, cha kukimbilia ni hospitali yenye mashine ya kushtua moyo.