Kukisia dhana iliyofichwa kwa alama za uhusiano wa maneno

Mwaka 1995 wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Kathleen McDermott, wakilifufua jaribio ambalo James Deese alilichapisha mwaka 1959, waliwasomea watu orodha za maneno yenye uhusiano, kama kitanda, pumziko na ndoto, kisha wakawataka wayaandike waliyoyakumbuka. Katika jaribio lao la kwanza, neno kuu ambalo halikusomwa kabisa, mathalani "usingizi", liliandikwa takriban mara 40 kati ya 100. Akili ilikwisha kuikisia dhana iliyofichwa bila kuombwa. Kazi yangu ya isimu kompyuta, yaani kuifanya kompyuta ishughulike na lugha, ni kuiwezesha mashine kukisia vivyo hivyo kwa alama, yaani hesabu ya watu wanaolitaja neno fulani wanapotajiwa jingine, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni kwa nini tusijumlishe tu alama hizo.

Chukua vidokezo vinne: mto, shuka, ndoto na kukoroma. Tuseme (takwimu hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano) kwamba watu 100 wanatajiwa "kitanda", na kila mmoja anatoa neno la kwanza linalomjia: 40 wanasema mto, 45 shuka, 5 ndoto na 2 kukoroma. Wengine 100 wanatajiwa "usingizi", nao wanatoa 12, 10, 40 na 30 kwa mpangilio uleule. Ukijumlisha, kila dhana inapata 92, na hujapiga hatua. Ukizidisha, kitanda kinapata 18,000 na usingizi 144,000, yaani mara nane. Kuzidisha kunaiangusha dhana inayoeleza vidokezo viwili vizuri mno na kuvitupa viwili vingine. Ndivyo inavyotaka kanuni ya Bayes, ile ya kupima uwezekano wa dhana kwa kutumia ushahidi uliopo, ikiwa dhana zote zinaanza na uwezekano sawa na vidokezo havitegemeani ndani ya kila dhana.

Sifuri ndiyo inayotusumbua. Endapo kwa bahati tu hakuna aliyetaja kukoroma, zao lote linafutika na dhana sahihi inatoweka, hivyo tunaongeza kiasi kidogo kwenye kila hesabu kabla ya kuzidisha.

Mwelekeo nao usichanganywe. Ukimtajia mtu "kukoroma", ni rahisi sana aseme usingizi, ilhali katika mfano wetu ni 30 tu waliokwenda kinyume chake. Hizo ni alama mbili tofauti, ingawa nimeona majedwali yaliyozichukua kuwa moja.

Katika Kiswahili kuna kazi ya ziada kabla ya hesabu yoyote. Analala, tumelala na walilala visiporudishwa kwenye mzizi mmoja, alama ya kulala inatawanyika vipandevipande. Wala sishauri kutafsiri majedwali ya Kiingereza, kwa sababu neno lao la mto wa kulalia halihusiani na daraja, mamba wala mafuriko, ilhali kwetu mto wa kitandani na mto wa maji ni neno moja, na shuka iliyo kando yake ndiyo inayotuambia tumesimama kwenye upi.