Nafasi ya fildi katika kampuni ya bima haiuzwi: maelezo kwa wanafunzi na wazazi wa Tanga

Tangu vyuo vifunge kwa likizo ndefu, ofisi yetu hapa Tanga mjini imekuwa ikipokea wageni wa aina moja. Mzazi ametoka Muheza au Pangani alfajiri, ameshika simu yenye ujumbe wa muamala, anauliza mwanawe aanze lini. Pesa ile hatukuipokea sisi. Imepokelewa na mtu aliyejitambulisha kuwa "ana ndugu ndani ya bima" na kuahidi nafasi ya mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wanafunzi wanavyoiita. Wengine wametoa elfu hamsini, wengine laki. Kwa kuwa malalamiko haya yanazidi, nimeombwa niyaeleze mambo haya hadharani, na nitayaeleza kama tunavyoyashughulikia.

Kampuni yetu haiuzi nafasi ya fildi. Hakuna ada ya fomu, hakuna pesa ya fulana wala ya kitambulisho, hakuna "ya maji" ya mlinzi. Anayekuomba pesa kwa jina letu, usifute ujumbe wake na usibishane naye. Peleka namba na muamala polisi. Kama anayeomba ni mtumishi wetu kweli, piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU. Na wanaoombwa kitu kingine badala ya pesa, wa kike kwa wa kiume, wajue kwamba rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007. Usinyamaze kwa kuogopa kwamba logibuku yako, daftari la kazi za fildi, haitasainiwa. Itasainiwa na mtu mwingine.

Utaratibu wa kuomba ni huu. Chuo kinakuandikia barua ya utambulisho iliyoelekezwa kwa Meneja wa Tawi, yenye muhuri, tarehe ya kuanza na kumaliza, na jina la mhadhiri atakayekufuatilia. Wewe unaandika barua yako ya maombi, kwa mkono wako na kwa akili yako, ukitaja unachosoma na idara unayoitaka. Unaambatisha nakala ya kitambulisho cha chuo na namba ya NIDA. Barua inapokelewa masjala, inagongwa muhuri wa kupokelewa, na unabaki na nakala iliyogongwa. Usiondoke bila nakala hiyo. Baada ya hapo tunapiga simu chuoni kuthibitisha, na simu hii tunapiga kwa kila mwombaji, hata kama baba yake ni mteja wetu wa miaka ishirini. Jibu linatoka kwa barua. Ujumbe wa WhatsApp si jibu.

Wapo wanaotengeneza barua ya chuo wenyewe kwa sababu ofisi ya chuo imechelewa. Nawasihi wasifanye hivyo. Kughushi nyaraka ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Kama barua imechelewa, njoo useme imechelewa. Tunasubiri.

Niseme wazi pia, maana hili tunaulizwa kila siku na jibu ni lilelile: fildi si ajira. Hakuna mshahara. Posho ya nauli na chakula ikiwepo itaandikwa kwenye barua ya kukubaliwa, isipoandikwa, haipo. Najua wanaosoma kwa mkopo wana fungu la mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo, na najua linaweza kuchelewa huku kijana anatembea kwa miguu kutoka Makorora hadi mjini. Mwambie msimamizi wako mapema, ratiba inaweza kupangwa. Aliyekwisha kuhitimu yuko kwenye kundi jingine: aulizie mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu yanayoratibiwa na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, asichukue nafasi ya aliyeko chuoni.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Mwanafunzi wa fildi haruhusiwi kupokea ada ya bima, hata shilingi moja, hata kwa nusu saa.

Mwaka mmoja tulikuwa na kijana mzuri sana, msikivu, anawahi kazini kuliko sisi. Jioni akiwa Ngamiani, mwendesha bodaboda wa mtaani kwao alimpa pesa ya bima ndogo, ile inayolipa wanaoumizwa na chombo, amkatie, kwa kuwa amemwona na kitambulisho cha kampuni shingoni. Kijana akaona anasaidia. Alikusudia kuiwasilisha asubuhi. Usiku uleule pikipiki ikamgonga mtu njia ya Pongwe. Hakukuwa na bima. Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009 haijali nia. Kampuni haibebi dhamana ya ada ambayo haijaifikia. Gharama za majeruhi zikamwangukia mwenye pikipiki, ambaye mpaka leo anaamini alilipa bima. Kijana hakuwa mwizi. Nililia naye ofisini, lakini mafunzo yake yalisitishwa na chuo kikaandikiwa.

Kuuza bima ni kazi yenye leseni. Wakala anasajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na kabla ya hapo lazima awe amesoma. Kitambulisho cha fildi hakikupi sifa hiyo. Mteja akikufuata mtaani, mwelekeze kaunta, au mpe namba ya malipo ya kampuni alipe mwenyewe, kisha mfundishe kuhakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA MIS kwa namba ya usajili wa chombo. Dakika mbili tu. Wananchi wengi bado wanatafuta stika ya karatasi ya kubandika kiooni na kusema "sijapewa bima", wakati bima iko kwenye mfumo. Hili limetangazwa sana, na sielewi kwa nini tunaendelea kulieleza upya.

Jambo la pili ni mafaili. Ukipangwa idara ya madai utashika PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), ripoti za polisi, picha za ajali, vyeti vya vifo. Usipige picha. Usiweke kwenye stetasi gari lililopondeka hata kama umeficha namba, kwa sababu mjane analijua gari la mumewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 inamgusa mtu binafsi pia, kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10. Siku ya kwanza utasaini kiapo cha kutunza siri. Kisome kabla ya kusaini. Wengi wanasaini huku wanaangalia simu.

Wanaosoma sheria, uhasibu, takwimu na kompyuta nao waje. Si lazima uwe unasomea bima. Mji huu una bandari, una malori ya mpakani Horohoro, una mashamba ya katani. Wiki moja na faili la shehena iliyolowa maji ya chumvi itakufundisha kusoma mkataba neno kwa neno, hasa kile kipande cha yasiyolipwa ambacho mteja hakukisoma.

Mzazi uliyekwisha kulipa mtu, hatuwezi kukurudishia pesa ambayo hatukuipokea. Nenda Kituo cha Polisi Chumbageni na ujumbe wa muamala, kisha mtume mwanao kwetu na barua ya chuo. Nafasi yake itapimwa kama ya wengine, na hatutamuuliza kuhusu pesa ile.