Seva mbili, data ileile, na bado mteja anagoma

Mara yangu ya kwanza kujenga seva mbili za faili nilitumia rsync, programu ya kunakili faili, ikiamshwa na cron, kipanga-ratiba cha Linux, kila dakika 5. Nilijiona nimemaliza. Siku seva kuu ilipokufa nikahamishia anwani yake ya IP kwenye ile ya pili, ping ikajibu, nikajipongeza. Kisha simu zikaanza kulia. Kila mwenye faili wazi alikuwa akipigwa na ESTALE, kosa la kwamba faili aliyoishika haitambuliki tena, na faili zote zipo, majina yaleyale.

Kumbe kwenye NFS, itifaki niliyotumia kuwapa wateja faili kupitia mtandao, mteja akishafungua faili hashughuliki tena na jina. Anashika kitambulisho alichopewa na seva, na ndani yake mna utambulisho wa mfumo wa faili pamoja na namba ya inodi, yaani namba ambayo mfumo wa faili huipa kila faili. Piga `ls -i` kwenye faili ileile pande zote mbili: huku 131082, kule 786440. rsync hunakili jina na yaliyomo. Inodi hupangwa upya na mfumo wa faili unaopokea. Ulichonacho hapo ni nakala ya akiba, wala si mbadala wa seva.

Ndiyo maana nilihamia DRBD, programu ya kunakili diski kupitia mtandao, iliyoingia rasmi kwenye kiini cha Linux toleo 2.6.33 mwaka 2010. Hii hunakili bloku za diski zenyewe, chini kabisa ya mfumo wa faili, kwa hiyo inodi hazitofautiani. Kwa seva zilizo karibu natumia itifaki C: maandishi hayahesabiki yameandikwa mpaka yafike kwenye diski zote mbili. Inapunguza kasi, naivumilia. Ila ukiwa na ext4 au XFS, mifumo ya faili ya kawaida ya Linux, upande mmoja tu ndio uipachike (mount) diski kwa wakati mmoja. Ukipachika pande zote mbili, data umeiua mwenyewe.

Hata hapo bado. Weka `fsid=` (utambulisho wa mfumo wa faili) ileile kwenye `/etc/exports`, orodha ya saraka zinazotolewa kwa wateja, ya seva zote mbili, na `/var/lib/nfs`, ambako NFS huweka kumbukumbu zake, iwe kwenye diski ya DRBD, ili seva inayopokea zamu ijue wateja walikuwa nani. Ikiamka, NFSv4 huwapa wateja muda wa kudai upya kufuli zao, kwa kawaida sekunde 90, na maombi mapya ya kufungua faili husubiri. Mimi nilidhani imekwama, nikaanzisha huduma upya. Sekunde zikahesabiwa tena kuanzia sifuri!

Kwenye Pacemaker, programu inayohamisha huduma kutoka seva moja hadi nyingine, IP ije mwisho, baada ya diski kupachikwa na saraka kutangazwa. Ikitangulia, mteja atagonga seva isiyojua saraka yake, na ESTALE inarudi. Upande wa mteja, pachika kwa chaguo la `hard`, linaloendelea kusubiri seva. `soft` huchoka kusubiri na kuirudishia programu kosa katikati ya kuandika, na programu nyingi hazijui la kufanya nalo.

Kinachoninyima usingizi ni kebo ya kati kukatika huku seva zote zikiwa hai. Kila moja inaamini mwenzake amekufa, zote zinaandika, na DRBD haiwezi kuunganisha: unachagua upande mmoja, mabadiliko ya mwingine yanatupwa. Kwa hiyo siwashi mfumo wowote bila STONITH, yaani seva moja iweze kumkatia mwenzake umeme kabla ya kushika diski.

Nikijaribu, naacha mteja akiandika faili kubwa, kisha nachomoa waya wa umeme wa seva kuu. Uandishi unasimama, unakaa, halafu unaendelea ulipoishia, na mwishoni nalinganisha `sha256sum`, alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, na ya faili asili.